Vunjajungu la Kila Jumapili

Usiku wa Jumapili, katika nyumba nyingi za miji yetu kutoka Mombasa hata Dar es Salaam, hutukia jambo lisilo na sherehe wala mwaliko, na mwenye kulitenda hulitenda aghalabu akiwa peke yake, watu wa nyumbani wamekwisha lala na taa ya sebuleni imekwisha zimwa. Hufungua friji akatoa kiporo cha pilau ya mchana, akakila ndani ya sufuria pasipo kukipasha moto. Akafuatisha vitumbua vilivyobaki tangu asubuhi. Akamalizia soda iliyowekewa mtoto. Kisha akaketi, tumbo limemjaa na moyo umemwinama, akajiwekea ahadi aliyokwisha kuiweka mara nyingi, ya kuwa kesho, inshallah, anaanza dayati. Jumatatu huamkia maji ya ndimu. Jumanne huacha wali, ugali na mkate kwa pamoja. Jumatano huwaambia wenzake wa kazini kwamba tangu juzi hakutia wanga kinywani. Alhamisi kichwa humgonga na hasira humpanda kwa neno dogo. Ijumaa jioni, akipita penye kibanda cha chipsi, huanguka. Na akishaanguka haanguki nusu, kwa kuwa Jumatatu nyingine yaja, na kilicho halali leo kitakuwa haramu siku hiyo.

Mtu huyo sikumpa jina, maana kila msomaji atamwona kuwa ni fulani wake: shoga yake, nduguye wa tumbo moja, mwenzake wa ofisini, au nafsi yake mwenyewe. Wala sikumleta hapa ili achekwe. Nimemleta kwa sababu watu wamemdhulumu kwa kumwita mlafi na mwenye moyo mwepesi, naye amejidhulumu zaidi kwa kuyasadiki maneno yao. Ilhali mwenye kuichungua safari yake ya juma zima ataona kwamba kushindwa kwake hakukuanza Ijumaa alipokula, kulianza Jumatatu alipojinyima. Madai ya makala hii ni haya: kujinyima kupita kiasi na kula kwa kufakamia ni mama na mwana, wanalala nyumba moja na kula chungu kimoja, na anayetaka kumtoa mwana hana budi kuagana na mama kwanza.

Ada ya mwaka iliyogeuzwa ya wiki

Watu wa pwani wana neno lao, vunjajungu, ambalo lataja jambo hili kwa usahihi kuliko neno lolote la kigeni. Katika siku za mwisho za Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, jamaa na marafiki hukusanyika, wengine majumbani na wengine mashambani au ufukweni, wakapika kwa vyungu vikubwa, wakala na kunywa na kufurahi kwa kuuaga mlo wa mchana. Ni ada ya mara moja kwa mwaka, na sababu yake hata mtoto mdogo huifahamu: kinachokaribia kuzuiliwa hutamanisha, na mwenye kujua kwamba mlango utafungwa hukimbilia kuingia. Basi mtu wa dayati amelifanya vunjajungu kuwa la kila Jumapili. Hali ya moyo wake ni ya mwenye kuaga; hauli mkate kwa sababu ana njaa, wala kwa sababu mkate ni mtamu, bali kwa sababu mkate unaondoka, na nani ajuaye utarudi lini?

Ama wazee waliopanga hesabu ya miezi kwa Kiswahili walikuwa na busara inayostahili kutazamwa tena. Ramadhani ikiisha, miezi inayofuata waliihesabu kwa kufungua: Mfunguo Mosi, ambao ndio Shawali, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, wenye Idi ya Kuchinja, Mfunguo Sita, wenye Maulidi, hata Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Mwezi mmoja wa kufunga, miezi tisa yenye jina la kufungua. Mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo alijua, kabla ya kwenda chuoni, kwamba kujizuia kuna mwanzo na kuna mwisho, na kwamba sehemu kubwa ya umri wa binadamu hupita katika kula kwa kawaida.

Naitaja saumu kwa sababu wako wanaodhani kuwa dayati ni saumu kwa jina jingine, na dhana hiyo imewapoteza wengi. Mwenye kufunga hufunga kwa ibada, si kwa kipimo cha kiuno. Adhana ya magharibi humtoa katika njaa yake kila siku, wala hana haja ya kujadiliana na nafsi. Mgonjwa, msafiri na mama mwenye mimba wamepewa ruhusa. Na mji mzima unafunga pamoja naye, ukamwamsha daku na kumwandalia futari. Mwenye dayati hana adhana. Njaa yake haijui saa ya kuondoka, hana mwenziwe wa kumwambia, na akila hujiona mkosaji. Tena hata katika Ramadhani yenyewe, sote twajua nyumba ambamo futari imegeuka kuwa israfu, sambusa juu ya kaimati na sharubati juu ya tambi, mpaka mtu akamaliza mwezi amenenepa. Na twajua pia nyumba zilizoshika mwendo wa zamani, mtu akafungua kwa tende na maji na kikombe cha uji, akaenda kuswali, ndipo akarudi kwenye muhogo wa nazi na samaki, na katika ule wasaa mdogo wa sala mwili ukapata fahamu ya kwamba umelishwa. Kinachowatofautisha hawa wawili ni utaratibu, kwa maana chakula ni kile kile na njaa ni ile ile.

Mwenye njaa hana miiko

Methali hii twaisema juu ya maskini aliyekula alichokatazwa, lakini ushahidi wake ulio mkubwa kabisa ulipatikana mahali pasipotarajiwa, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanasayansi Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliodhoofishwa na njaa ya vita, na katika Novemba 1944 akawapokea vijana wa kiume 36, wote wazima wa mwili na akili, ambao walikataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao na wakachagua kuwatumikia wanadamu kwa njia hiyo. Baada ya majuma 12 ya kula kwa kawaida, walipunguziwa chakula kwa majuma 24, wakapewa milo miwili kwa siku, ya viazi, mkate na makaroni zaidi, yenye jumla ya kalori 1,570 hivi. Msomaji aiangalie vyema hesabu hiyo, kwa kuwa dayati nyingi zinazosifiwa leo humpa mtu chini ya hapo, naye akatazamiwa aende kazini, alee watoto na acheke na wageni.

Vijana wale walipoteza takriban robo ya uzito wao, lakini kilichostaajabisha zaidi ni kile kilichowapata katika nafsi. Watu waliokuwa na hamu ya dini, siasa na elimu hawakuwa tena na mazungumzo illa ya chakula. Walikiota usingizini. Walilamba sahani. Waliufanya mlo mdogo uende muda mrefu kwa kuuchezeachezea. Wengine walianza kukusanya vitabu vya upishi, wakavisoma kama mtu asomavyo barua za mpenzi. Na wako walioshindwa kuvumilia wakaenda kula kwa siri mjini, kisha wakajuta juto kubwa. Majuma ya kurudishiwa chakula yalipokuja, na baadaye walipoachwa wale watakavyo, baadhi yao walikula hata tumbo likauma na bado wakasema wana njaa. Na mafuta ya mwili yakarudi kabla ya misuli, yakapita kiasi cha awali. Keys na wenzake waliyachapisha hayo mwaka 1950 katika majuzuu mawili makubwa. Hawa hawakuwa walafi. Walikuwa watu ambao walisimama peke yao mbele ya serikali na umma wakakataa jambo walilolichukia, na kama kuna mtu anayeweza kudaiwa kwamba hana nguvu ya nia, si wao. Njaa iliwavunja kwa kuwa njaa haishindani na nia ya mtu uso kwa uso. Hungoja mpaka nia ilale.

Jambo la pili lilionekana mwaka 1975, kwa wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack, nao pia wa Marekani. Waliwapa wanawake wa chuo kikuu kinywaji kizito cha maziwa na aiskrimu, kisha wakawaambia waonje aiskrimu nyingine kadiri wapendavyo. Wale wasiokuwa na desturi ya kujinyima, kwa kuwa wamekwisha kunywa, walionja kidogo wakaacha. Wale wenye kujinyima walitenda kinyume: waliopewa kinywaji walikula aiskrimu nyingi kuliko wenziwao ambao hawakupewa kitu. Lugha yetu inalo neno la hali ile, ni liwalo na liwe. Maadamu amri imekwisha vunjwa asubuhi, siku nzima imeharibika, na madhali siku imeharibika, basi na tule hata usiku. Andazi moja halimdhuru mtu. Linalomdhuru ni hukumu anayojipitishia baada ya andazi moja.

Tena mwili wenyewe una kumbukumbu. Katika 1994 wanasayansi wa New York walioongozwa na Jeffrey Friedman waligundua homoni inayoitwa leptini, ambayo mafuta ya mwili huitoa ili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Na mwaka 1999 Wajapani wakagundua grelini, itokayo tumboni kutangaza njaa. Mtu akipungua kwa ghafula, leptini hushuka na grelini hupanda, na ubongo husoma habari hiyo kama habari za baa la njaa, usijue kwamba mwenyewe anajitayarisha kwa arusi. Uchunguzi uliofanyika Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwachukua watu 50 wanene, ukawapunguza uzito kwa majuma 10 ya chakula kidogo mno. Na mwaka mzima baadaye, ingawa uzito ulikuwa umeanza kurudi, homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi mahali pake na watu bado walijiona na njaa kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtu anayesema, «Mimi nikiacha dayati nanenepa upesi», hasemi uongo wala hasemi udhaifu wake. Anasimulia mwili unaojihami.

Wahenga waliyajumlisha yote mawili, njaa na kufakamia, katika usemi mmoja: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Hawakumsifu mwenye njaa kwa kumlaani mwenye shibe. Waliwaona wote wawili kuwa wamepotea njia, mmoja amelewa na mmoja amelegea, na mtu wetu wa Jumapili ni maskini anayekaa nusu ya juma kwa huyu na nusu kwa yule.

Mwili wa siku moja

Ni lazima tuulize, basi, ni nani anayetusukuma. Zamani mwari wa pwani alipokaribia kuolewa aliwekwa ndani kwa siku nyingi, akasingwa kwa singo na liwa, akalishwa vyema, ili siku ya kutolewa kwake watu waseme amenawiri. Leo dada yake wa mjini hupewa mwezi mmoja apungue, kwa kuwa gauni limekwisha shonwa kwa kipimo kidogo kuliko chake na mpiga picha amekwisha lipwa. Sura zimepinduana, lakini kosa lililo ndani yake ni lile lile, la kuuandaa mwili kwa ajili ya siku moja na macho ya watu, kana kwamba baada ya siku ile mwili hautakuwa na kazi tena. Fauka ya hayo, tuna mazoea mabaya ya kusalimiana kwa uzito: «Umenenepa!» na «Mbona umekonda, unaumwa?» ni maneno tunayomtupia mtu mlangoni kabla hajaketi, na wengi wameanza dayati ya Jumatatu kwa ajili ya neno la shangazi la Jumapili.

Wala asidhani msomaji kwamba nasema uzito si kitu. Uchunguzi wa afya wa taifa uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hata 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kenya, mwaka 2014, idadi ilikuwa 33. Nyuma ya hesabu hizo yako maradhi ya kisukari, shinikizo la damu na moyo, ambayo yameingia katika nyumba zetu na kuwachukua wazazi wetu kabla ya wakati. Ni kwa sababu jambo hili ni zito ndipo tunapopaswa kuiacha dawa isiyoponya. Mwenye kupungua kilo 6 kwa mwezi mmoja na kurudishiwa kilo 8 katika mwaka amekuwa mgonjwa wa tiba yake. Na mwenye kupita njia hiyo mara tano katika ujana wake ameufundisha mwili wake kuogopa.

Kawaida ni kama sheria

Ikiwa marufuku haifai, kinafaa nini? Methali yatujibu kwamba kawaida ni kama sheria, na ndani yake mna siri kubwa, kwa maana sheria inahitaji askari ilhali kawaida hujilinda yenyewe. Hapana mtu anayetumia nguvu ya nia kunawa mikono kabla ya kula wali, wala anayejisifu kwa wenzake kwamba leo amenawa. Watafiti wa London waliowafuata watu 96 katika kujenga mazoea mapya, na kutoa matokeo mwaka 2010, waliona kwamba tendo dogo la kila siku huhitaji kwa wastani siku 66 kabla halijawa la kujiendea, ingawa wengine walihitaji siku 18 na wengine hesabu yao ilifika 254. Na waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Msomaji na aliweke neno hilo moyoni, kwa sababu ndilo linalomtenga mwenye kawaida na mwenye dayati: wa kwanza akikosa Jumanne huendelea Jumatano, wa pili akikosa Jumanne husubiri Jumatatu.

Jambo la kwanza la kujenga ni saa. Christopher Fairburn, tabibu wa maradhi ya akili wa Oxford ambaye ameitumia sehemu kubwa ya umri wake kuwatibu wenye kula kwa kufakamia, hakuanza kwa kuwakataza chakula; alianza kwa kuwalisha. Aliwataka wale milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, kwa saa zinazojulikana, wasipitishe saa nne hivi wakiwa macho pasipo kula, wawe na hamu au wasiwe nayo, na hata kama jana usiku walifakamia. Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa mtu aliyekula sana usiku huona ni haki deni la jana lilipwe kwa kukiacha kifungua kinywa cha leo. Lakini kifungua kinywa kilichoachwa leo ndicho kitakachodai riba usiku. Chai na viazi vitamu vya kuchemsha au magimbi saa moja asubuhi, ndizi saa nne, chakula kamili saa saba, kikombe cha mtindi saa kumi, na mlo wa usiku saa moja unusu: huo ni mpango ambao bibi zetu wangeutambua, na hauna gharama ya chai ya kupunguza tumbo.

La pili ni sahani. Nusu yake iwe ya mboga na matunda, robo iwe ya wali au ugali au ndizi, na robo iliyobaki iwe ya maharage, kunde, samaki, mayai au nyama. Sahani ya namna hiyo hainyimi kitu. Hubadili vipimo tu. Kunde, choroko na mbaazi zina nyuzinyuzi na protini zinazokaa tumboni kwa muda mrefu, na ni vyakula vya nchi zetu, vinavyouzwa kwa kibaba katika kila soko. Wengi wetu tumevihamisha kutoka sahani ya kila siku kwa kuviona ni vya kimaskini, tukaweka mahali pake mlima wa wali mweupe na kijiko cha mchuzi, kisha tukaulaumu wali.

La tatu, na ndilo gumu kwa aliyezoea marufuku, ni kuvirudishia vyakula uhalali wake. Mahamri na mbaazi ya nazi ya asubuhi ya Jumamosi, pilau ya Ijumaa, halua ya Idi, ni sehemu ya adabu ya watu wetu, na mwenye kujiapiza kwamba hatavigusa tena amejipikia vunjajungu la mwezi ujao. Avipe siku yake na mahali pake. Ale mahamri mawili mezani, mchana kweupe, pamoja na watu, kwa utulivu; maana kitu kinacholiwa hadharani na ambacho kitapatikana tena wiki ijayo hakina sababu ya kuliwa chote leo. Neno mwiko katika lugha yetu lina maana mbili, katazo na chombo cha kusongea ugali. Wakati umefika tuuweke chini ule wa kwanza na kuushika zaidi ule wa pili, kwa kuwa anayejipikia mwenyewe hujua alichotia chumvi, sukari na mafuta kiasi gani, na ujuzi huo ni ulinzi mkubwa kuliko kiapo.

La nne ni kukinai. Sifahamu neno lililo zuri zaidi kwa ajili ya jambo hili. Kushiba ni kwa tumbo, lakini kukinai ni kwa tumbo na moyo pamoja, ni kufika mahali ambapo mtu ameridhika na hataki zaidi, hata kama sinia bado lina wali. Kula siniani kwenyewe kulikuwa skuli ya kukinai: watu waliketi pamoja, kila mmoja akala mbele yake kwa mkono, mazungumzo yakapunguza mwendo wa tonge, na aliyetosheka aliondoka kwa kumshukuru Mungu na mwenyeji, na hapana aliyemwona mtovu wa adabu. Anayekula amesimama, au macho yake yako kwenye simu, au ndani ya gari kati ya foleni moja na nyingine, huimeza kauli ya tumbo pamoja na chakula. Twende polepole mpaka kauli ile isikike. Na sisi wenyeji, tunaposema «ongeza, ongeza, hujala kitu», tujifunze kumsadiki mgeni anapojibu kwamba amekinai.

Yako mambo mengine yanayosaidia, nami nayapitia kwa ufupi: usingizi wa kutosha, kwa sababu aliyekesha huamka na uchu wa sukari, kutembea kila siku, kwa ajili ya moyo na furaha wala si kwa adhabu ya kilicholiwa, na kutafuta tulizo la huzuni mahali pengine pasipokuwa jikoni, kwa maana wengi hufungua friji usiku wakitafuta mtu wa kuzungumza naye.

Penye kuhitaji tabibu

Kuna kiwango ambacho ushauri wa gazeti haukifikii. Mwaka 1959 daktari wa Marekani, Albert Stunkard, alieleza hali ya watu wanaokula kwa kufakamia wasiweze kujizuia, na mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kikaitambua hali hiyo rasmi kuwa ni maradhi. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka katika orodha yake. Mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akajiona hana mamlaka juu ya mkono wake, akala kwa siri na kwa aibu, na hayo yakamrudia walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, hahitaji kukemewa wala kuombewa nia. Anahitaji tabibu, kama mwenye homa. Vivyo hivyo anayejitapisha baada ya kula au kunywa dawa za kuharisha, kwa sababu mambo hayo huharibu moyo na figo. Naye mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke mlo wala asifuate dayati ya jirani pasipo kuonana na daktari wake. Hospitali zetu zina maafisa lishe, na Tanzania ina Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973. Elimu yao ni mali ya umma, na kuiomba si fedheha.

Nakuomba basi, msomaji wangu, Jumapili hii usiku usiweke ahadi yoyote. Usivunje jungu, kwa kuwa kesho hapana mfungo. Chukua kibaba cha maharage ukiloweke kwa ajili ya mlo wa mchana wa Jumatatu, ukalale mapema. Na asubuhi ukiamka, hata kama usiku ulikula kuliko ulivyopenda, unywe chai yako na kiazi chako saa moja kama kawaida. Fanya hivyo Jumanne, na Jumatano, na ukikosa Alhamisi, fanya Ijumaa.